Mkanda, mshipi na bizimu

Konda wa basi la mikoani alipita katikati ya viti akisema, "Abiria, vaeni mikanda, mbele kuna trafiki." Mama aliyekaa kando yangu akauvuta wake, akaulaza juu ya tumbo, akaushikilia kwa mkono wa kushoto mpaka tukavuka kizuizi. Hakuuchomeka. Nilipomtazama akanionyesha pale pa kuchomekea: pamejaa maganda ya karanga. "Mwanangu, hapa hapaingii kitu," akasema, akauachia ukaanguka chini. Trafiki alikuwa ameridhika, na konda pia. Mimi nilibaki na lile neno "vaeni".

Tuanze na jina lenyewe. Tanzania wengi tunasema mkanda wa usalama, au mkanda tu. Kenya utasikia pia mshipi. Yote mawili yalikuwapo kabla gari halijafika kwetu. Mshipi hufungwa kiunoni, na ndilo jina vilevile la uzi wa mvuvi wenye ndoana. Mkanda ni ndugu wa ukanda, kipande kirefu chembamba cha ngozi au kitambaa, na umetwishwa mizigo mingi: kuna mkanda wa suruali, mkanda wa video, hata ule ugonjwa wa malengelenge yanayozunguka mbavu tunauita mkanda wa jeshi. Jirani yao ni kibwebwe, ile nguo ambayo mwanamke huikaza kiunoni anapoingia kazini au ngomani.

Maneno yote haya yanakaa kiunoni, na hapo ndipo sikio linapotudanganya. Anayesikia mkanda huwaza kiuno na tumbo. Mkanda wa gari haukuundiwa tumbo. Umeundiwa mifupa: nyonga mbili, kifua, na mtulinga wa bega moja.

Mikanda ya mwanzo ya magari kweli ilikuwa ya kiunoni, na ilikuwa ikiumiza viungo vya ndani gari lilipogonga kwa kasi. Aliyebadilisha mambo ni Nils Bohlin, mhandisi wa Uswidi aliyekuwa akibuni viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege za kampuni ya Saab. Alipohamia Volvo, mwaka 1959, alileta utepe mmoja unaoshuka kutoka begani, unapita kwenye ulimi wa chuma ulio kando ya nyonga, kisha unakatiza mapajani kurudi upande wa pili. Mtu anaufunga kwa mkono mmoja. Volvo wakaiacha hataza yake wazi ili watengenezaji wengine wautumie, na ndiyo maana magari mengi utakayopanda leo, ya nchi yoyote, yana mkanda wa umbo lile lile.

Wapo wanaouita mkanda wa pointi tatu, na wengine mkanda wa ncha tatu. La pili silikubali. Utepe una ncha mbili kama utepe mwingine wowote; kilicho kitatu ni mahali unaposhikwa na mwili wa gari. Mimi nauita mkanda wa vishikizo vitatu, kwa sababu jina hilo linamwambia fundi mahali pa kukagua: bolti ya juu kwenye nguzo ya mlango, bolti ya chini, na bizimu iliyo kando ya kiti. Kimoja kikilegea, viwili vilivyobaki havina kazi.

Bizimu ni neno tunaloliacha lipotee bure. Ni jina la kile kifungo cha chuma cha kufungia mshipi, tulilopewa na Kiarabu zamani, na linakaa vizuri sana kwenye kile kikasha chenye kitufe chekundu. Gereji nyingi hukiita loki. Sina ugomvi na loki, ila bizimu tayari lipo kwenye kamusi na kazi yake ni hii hii.

Sehemu ngumu kuipa jina ni ile isiyoonekana, iliyojificha nyuma ya plastiki ya nguzo. Fundi mmoja alinifungulia, akaiweka kiganjani. Ndani mna roda ndogo iliyozungushiwa utepe, na kando yake springi bapa iliyojikunja kama ya saa ya zamani. Springi ndiyo inayourudisha utepe unapouachia. Chini ya roda pana kijibakuli chenye gololi ya chuma. Gari likifunga breki kwa nguvu au likiinama sana, gololi inapanda ukingo wa kijibakuli, inasukuma kijiti, kijiti kinaingia kwenye meno ya roda, na roda haizunguki tena. Fundi akakiinamisha kile kifaa kidogo tu, akaniambia nivute. Utepe haukuvutika. Akakisimamisha wima, utepe ukatoka laini. "Ukiulaza unagoma," akasema. "Watu wananiletea wakidhani umekufa, kumbe ndiyo uzima wake."

Upo na mtego wa pili, ambao hausikilizi gari bali utepe wenyewe: ukivutwa kwa ghafla, roda hukamata. Ndiyo sababu mwenye haraka anayeunyakua mkanda hukwama, na anayeuvuta taratibu hupita. Kifaa chote hiki nakiita kirudishio. Jina hilo linataja kazi yake ya kila siku, ingawa kazi yake kubwa ni ya siku moja.

Siku hiyo ikoje? Gari likienda kilomita 50 kwa saa, na wewe pia unaenda kilomita 50 kwa saa. Gari likigonga ukuta linasimama. Wewe hujasimama bado. Mwili ulio kwenye mwendo huendelea na mwendo mpaka kitu kiuzuie, na kitu hicho ni ama mkanda, ama usukani, ama kioo, ama kisogo cha aliyekaa mbele yako. Chukua mtu wa kilo 70 anayesimamishwa ndani ya nusu mita, yaani urefu wa boneti lililojikunja pamoja na kunyooka kidogo kwa utepe. Nguvu inayohitajika ni sawa na uzito wa zaidi ya tani 1.3. Mikono ya yule mama wa kwenye basi isingeweza hata sehemu ndogo ya hiyo. Na mtoto wa kilo 10 aliyepakatwa, kwa sekunde hiyo, anavuta kama mzigo wa karibu kilo 200. Hakuna mzazi anayeweza kumshika, hata ampende vipi. Mtoto ana kiti chake.

Magari ya miaka ya karibuni yameongeza vifaa viwili ambavyo Kiswahili hakijavipa majina yaliyozoeleka. Cha kwanza huwasha baruti kidogo mara gari linapogonga, na kuuvuta utepe nyuma kwa sentimita kadhaa ili ukushike kabla hujasogea. Cha pili hufuata papo hapo: nguvu ikizidi kiwango, nondo iliyo ndani ya roda inajisokota na kuachia utepe kidogo kidogo, mbavu zisivunjike. Napendekeza kikazio na kilegezio. Majina haya yanaeleweka hata na asiyewahi kufungua boneti. Hata eabegi (mfuko wa hewa), inayojaa kabla hujapepesa jicho, imepimwa kwa mtu aliyeshikwa na mkanda. Asiyefunga huikuta uso kwa uso wakati bado inafumuka.

Hapo ndipo narudi kwa konda. Kuvaa ni kuweka mwilini, kama kanga au kofia. Kufunga kunadai zaidi: kitu kiingie mahali pake na kishike. Mkanda uliovaliwa unaweza kulala tumboni, ukapitishwa chini ya kwapa, ukajisokota kama kamba, au ukaachiwa nafasi ya kupitisha ngumi. Uliofungwa umelia "kach" ndani ya bizimu, sehemu ya chini imekaa kwenye mifupa ya nyonga, ya juu imepita katikati ya kifua na bega, na haukulegea. Mama mjamzito anaupitisha chini ya tumbo, kamwe si juu yake, na wa bega unapita kati ya matiti. Kwangu mimi istilahi ya kulindwa hapa ni kitenzi "kufunga".

Sheria zimefanya sehemu yake. Jimbo la Victoria nchini Australia lililazimisha mikanda mwaka 1970. Kenya, Februari 2004, ilizishika matatu kwa Sheria za Michuki, zilizobeba jina la waziri wa uchukuzi John Michuki: mkanda kwa kila abiria na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Tangazo la kila siku likawa "funga mshipi". Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa aliye ndani ya gari kwa hadi nusu. Nusu hiyo ni ya waliofunga.

Nina neno kwa wenye magari yaliyotumika, na kwetu ndio wengi. Mkanda uliowahi kubeba mtu katika ajali umemaliza kazi, hata kama kwa macho unaonekana mzima, kwa sababu nyuzi zake zimeshanyooka. Kikazio kilichofyatuka hakifyatuki mara ya pili. Utepe uliochakaa kingo, uliopauka kwa jua au uliooshwa kwa dawa ya kung'arisha nguo ubadilishwe. Uoshwe kwa sabuni laini na maji tu, ukauke kivulini. Taa ya eabegi ikibaki imewaka kwenye dashibodi, huenda kikazio nacho hakifanyi kazi. Usimruhusu mtu yeyote afungue kirudishio chenye baruti au akipime kwa mita ya umeme. Na zile ndimi bandia zinazouzwa ili kunyamazisha kengele, zitupe: zinaziba mdomo wa chombo pekee kinachokukumbusha.

Kesho kabla hujawasha gari, vuta kila mkanda mpaka mwisho, wa nyuma pia, na uutazame wote. Urudishe kidogo, kisha unyakue ghafla: unapaswa kukamata. Uachie: unapaswa kurudi wote wenyewe. Chomeka, vuta kwa nguvu, kisha bonyeza kitufe uone kama ulimi unaruka. Kama una basi, toa maganda ya karanga kwenye bizimu kabla hujapakia abiria.