Hill & Knowlton

Hill & Knowlton ilikuwa kampuni ya uhusiano wa umma ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1927 mjini Cleveland, Ohio, na mwandishi wa habari John W. Hill. Don Knowlton alijiunga naye mwaka 1933. Baadaye makao yalihamia New York, wateja wakubwa wakiwa wazalishaji wa chuma.

Sura nzito zaidi ya historia yake ilianza Desemba 1953 katika Hoteli ya Plaza, New York. Tafiti zilikuwa zimehusisha sigara na saratani ya mapafu, na wakuu wa kampuni za tumbaku wakaiomba Hill & Knowlton msaada. Tarehe 4 Januari 1954 tangazo lao lilitoka katika magazeti zaidi ya 400. Halikukana utafiti moja kwa moja. Lilidai tu kwamba jambo halijathibitishwa, na kuahidi kugharimia uchunguzi zaidi. Shaka hiyo iliyopandwa kwa makusudi iligharimu maisha ya watu wengi.

Mwaka 1990 kampuni iliendesha kampeni ya kuiunga mkono Kuwait iliyovamiwa na Iraq. Ilikuwa imeingia katika kundi la kampuni la WPP mwaka 1987, na mwaka 2024 iliunganishwa na kampuni nyingine ya uhusiano wa umma, BCW, kuunda Burson.