Asiyekuwapo na Lake Halipo: Somo la Dodoma kwa Wanaofanya Kazi Mbali na Ofisi

Mwaka 1973 yalitokea mambo mawili yasiyojuana. Huko Los Angeles, Jack Nilles wa Chuo Kikuu cha Southern California alibuni istilahi ya kutaja kazi ya ofisini inayofanywa mbali na ofisi kwa msaada wa mawasiliano. Hapa kwetu, TANU iliamua kuwa makao makuu ya serikali yahame Dar es Salaam kwenda Dodoma, takriban kilometa 450 kuelekea bara, katika kipindi cha miaka 10. Yote mawili yalibeba swali moja: mtumishi aliye mbali ataonekanaje kwa wenzake?

Tangu korona ituingilie mwaka 2020, swali hili huulizwa kana kwamba ni la jana, na jibu linalotolewa ni kwamba mfanyakazi ajitahidi kujionyesha: ajibu ujumbe haraka, azungumze katika kila kikao, atangaze kila alichokifanya. Ushauri huo unamtwisha mzigo aliye mbali peke yake. Historia yetu inatufundisha jambo jingine.

Tuanze na Tanganyika ya Waingereza. Ofisa wa wilaya aliishi mbali na wakubwa wake, akawafahamisha kazi yake kwa ripoti za mwaka, taarifa za safari na daftari la wilaya. Madaftari hayo sisi watafiti tunayasoma hadi leo katika Nyaraka za Taifa. Siusifu mfumo ule. Ulimfanya mtawala aonekane kwa mkubwa wake, huku mwananchi akionekana kama kichwa cha kutozwa kodi tu. Hata hivyo, ndani ya utumishi wenyewe, maandishi yalikuwa na uzito. Aliyeko Dar es Salaam alipaswa kuyasoma, maana hakuwa na njia nyingine ya kutawala.

Baada ya uhuru, sera ya Madaraka Mikoani ya mwaka 1972 iliwapeleka watumishi waandamizi mikoani, na mwaka uliofuata ukaja uamuzi wa Dodoma. Miaka 10 ikapita, ikafuata mingine 30. Bunge lilihamia Dodoma mwaka 1996, lakini wizara nyingi zilibaki pwani. Sababu za kiuchumi zinajulikana: vita vya Kagera na ukata wa miaka ya 1980 havikuacha fedha za kujengea mji mpya. Mimi naongeza sababu isiyopewa uzito wake. Uamuzi ulibaki palipokuwa na mlango wa waziri na wa katibu mkuu, na kila mwenye busara alijua ni ukorido upi wa kusimama. Dodoma ikawa makao makuu kwa tamko na pembezoni kwa utendaji.

Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali inahama. Waziri Mkuu alitangulia Septemba ya mwaka huohuo. Mwaka 2018 sheria ikaitambua Dodoma kuwa makao makuu ya nchi. Oktoba 2019 Rais mwenyewe akahamia. Simu na barua pepe zilikuwapo miaka mingi kabla ya hapo. Kilichobadilika ni kwamba wenye mamlaka waliubeba umbali wao wenyewe, na walio chini yao wakafuata.

Hapo ndipo penye somo. Katika ofisi ambamo wanane wamekaa mezani na wawili wanaonekana kwenye skrini, kinachowafuta wale wawili ni uamuzi unaofikiwa wakati wa chai, baada ya skrini kuzimwa. Masjala ilikuwa na kanuni njema: jambo lisilo katika faili halijaamuliwa. Leo mfumo wa Ofisi Mtandao unaweza kulifikisha dokezo Kigoma papo hapo, lakini hauwezi kumlazimisha mkuu wa idara kulisoma kabla ya kuamua. Wala kuhesabu dakika ambazo mtumishi amekuwa mtandaoni si kumwona. Huko ni kumlinda, kama mlinzi alindavyo lango.

Suala hili ni la haki. Mama anayenyonyesha, mtumishi mwenye ulemavu, ofisa aliyepangiwa Tunduru, wote hupimwa na watu wasiowaona kila siku. Ikiwa upandishwaji cheo utafuata sura iliyozoeleka ukoridoni, tutakuwa tumeandika ubaguzi bila kuuweka katika waraka wowote.

Wanafunzi wangu hupenda kuitumia methali ya asiyekuwapo kama hukumu. Mimi naisoma kama ushahidi: inaeleza jinsi mabaraza yetu yalivyozoea kuamua, na mazoea ya watu hubadilishwa na watu. Ninyi mlio watumishi wa umma mnaweza kuanza na kikao kijacho: uamuzi uandikwe, asiyekuwapo aupate kabla haujafungwa, na neno lake liingie katika muhtasari. Mwenye kiti cha mbele ndiye atangulie kufanya hivyo.