Histamini na dawa za mzio: zifanyavyo kazi mwilini

Mtu anapopiga chafya mfululizo akifagia, au ngozi yake inapovimba na kuwasha baada ya kula karanga, anayemtesa si vumbi wala karanga peke yake. Ni kemikali iliyotengenezwa na mwili wake mwenyewe, iitwayo histamini, ambayo Henry Dale na Patrick Laidlaw wa Uingereza walieleza athari zake mwaka 1910.

Histamini si adui. Katika ubongo hutusaidia kukaa macho, na tumboni huchochea asidi inayosaga chakula. Akiba yake kubwa imo ndani ya seli za kinga zilizotapakaa katika ngozi, pua, mapafu na utumbo. Kwa mwenye mzio, kinga hukosea na kukihesabu kitu kisicho na madhara, kama chavua ya maua, kuwa ni mvamizi. Kitu hicho kikirudi, seli hizo humwaga histamini kwa ghafla. Mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvuja maji, ndiyo sababu ya uvimbe, neva huwashwa, pua hutiririka. (Si kila chafya ni mzio, hata hivyo: moshi wa ubani waweza kuikera pua ya mtu yeyote.)

Ili ifanye kazi, histamini sharti ikae juu ya vipokezi vyake, mithili ya mgeni na kiti. Dawa za mzio haziiondoi histamini mwilini. Hukalia kiti chake. Kwa hiyo hufaa zaidi zikimezwa kabla ya dalili kupamba moto. Dawa ya kwanza ya aina hii ilipatikana Paris mwaka 1937, kwa kazi ya Daniel Bovet na Anne-Marie Staub, ingawa ilikuwa na sumu mno kwa binadamu. Bovet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1957.

Dawa za kale, kama klofeniramini, ambayo wengi wetu twaijua kwa jina la Piriton, na prometazini, hupenya hadi kwenye ubongo na kukalia viti vya huko pia. Hapo ndipo usingizi hutoka. Dereva aliyezimeza ni hatari barabarani, na pombe huzidisha hatari hiyo. Wazee huweza kuchanganyikiwa au kushindwa kukojoa. Tunasikitishwa na desturi ya kuwanywesha watoto dawa hizi ili walale tu: prometazini haipaswi kupewa mtoto wa chini ya miaka 2, kwani yaweza kudhoofisha pumzi hata kuua. Setirizini, loratadini na feksofenadini hupenya ubongo kwa uchache, japo setirizini bado huwasinzisha baadhi ya watu.

Kuna hali moja ambayo vidonge hivi haviwezi kuokoa. Mtu akiumwa na nyuki, kisha akakosa pumzi, koo likavimba au akazirai, histamini na kemikali nyingine zimekwisha kuenea, na shinikizo la damu linashuka. Kidonge hufanya kazi polepole, wala hakipandishi shinikizo hilo. Dawa yake ni adrenalini, inayodungwa kwenye msuli wa paja bila kukawia. Mgonjwa akimbizwe hospitalini mara moja, na hata akipata nafuu abaki chini ya uangalizi, kwa sababu dalili zaweza kurudi baada ya saa kadhaa.