Watunzi Wetu: Kutoka Baraza la Mwami Hadi Redioni

Sisi wana wa Ngara na Biharamulo tumezoea kupima maendeleo kwa madarasa, zahanati na visima. Mtunzi wa nyimbo hatumuweki kwenye hesabu hiyo, ingawa hatujawahi kufanya harusi wala harambee bila yeye. Tutazame kwa ufupi nani alimlisha zamani na nani anamlisha leo.

Mlezi wake wa kwanza alikuwa utawala. Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya Ngara, ilikuwa chini ya wafalme wa Burundi kabla ya mipaka ya wakoloni kuiacha Tanganyika. Katika Kirundi, ndugu wa Kihangaza chetu, neno ingoma lina maana ya ngoma na pia ufalme. Kwa majirani zetu Wahaya, wapiga nanga waliimba habari za watawala na mashujaa. Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizirekodi na kuzichambua tendi hizo, ndiyo maana tunaweza kuzisoma leo. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa, na msanii akapoteza mlezi. Akarudi shambani, akawa wa kualikwa siku za sherehe tu.

Mlezi wa pili akawa redio. Lakini kwa miaka mingi redio ilikuwa moja, ya serikali, na studio zake zilikuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwetu. Hali ilibadilika baada ya wimbi la wakimbizi wa Rwanda kuvuka Rusumo mwaka 1994. Mwaka 1995 shirika la Wajesuti linalohudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera hapo Ngara. Kwizera maana yake ni kutumaini. Redio iliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi ikawa pia redio ya wenyeji.

Mlezi wa tatu ni soko, na hapo mfano wetu wa Kagera ni Saida Karoli wa Bukoba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliimba kwa Kihaya, na nchi nzima ikacheza, hata wasiojua neno moja la lugha hiyo. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliuchukua wimbo wake wakatengeneza "Salome", ukavuma upya Afrika Mashariki. Wimbo, kama shamba la kahawa, huzaa miaka mingi baada ya kupandwa.

Lakini shamba lisilo na mpaka lina migogoro. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 ilimpa mtunzi haki maisha yake yote, na warithi wake miaka 50 baada ya kifo chake. Ila anayedai haki sharti awe na ushahidi, na nyimbo nyingi za wazee wetu wa Kihangaza na Kishubi zimo vichwani mwao tu. Mzee akifa, hakuna cha kurithi.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili yaingie kwenye bajeti ya chama chetu: kuwarekodi watunzi wazee wakiwa hai, majina yao yakiandikwa kwenye kila wimbo, na kuwasaidia vijana kusajili kazi zao COSOTA. Ndugu zetu, tuchangie. Mali isiyoandikwa haionekani kwenye mahesabu, na isiyoonekana hupotea bila mtu kuulizwa.