M-Pesa ilianza kama mkopo

Bandugu wa promosio, kila mara naona kwenye grupu tangazo la atelie ya siku mbili ya "kufikiri kama msanifu": vikaratasi vya rangi ukutani, cheti jioni. Sina shida na vikaratasi. Lakini nikisoma historia ya kampuni zilizofanya kazi hiyo kweli, naona kuna sehemu moja atelie zinairuka, nayo ndiyo inauma: kuachana na bidhaa uliyokuja nayo.

Jina lenyewe si la zamani sana. Peter Rowe alilifanya kichwa cha kitabu chake mwaka 1987, akiandika juu ya wasanifu majengo. IDEO, kampuni ya California iliyoundwa 1991, ndiyo ililitembeza kwa wafanyabiashara, na mkubwa wake Tim Brown akaandika makala katika Harvard Business Review mwaka 2008. Mwaka moja mbele ya makala hiyo, M-Pesa ilikuwa tayari sokoni Kenya. Kwangu mimi, mfano bora uko pale, hata kama haukubeba jina hilo.

Nick Hughes wa Vodafone hakuwaza kutuma pesa. Kwa msaada wa serikali ya Uingereza alitaka watu wa mikopo midogo walipe deni kwa simu. Susie Lonie akatumwa Kenya kusimamia majaribio, pamoja na Safaricom na shirika la mikopo Faulu. Oktoba 2005 wakaanza Nairobi na Thika na wateja mia chache tu. Walichagua menyu inayokaa ndani ya kadi ya simu, ili hata simu ya bei ya chini kabisa iweze kuitumia.

Sasa angalia kilichotokea. Wateja walilipa mkopo, ndiyo, lakini wakaanza na mambo yao. Mtu mwenye safari aliweka makuta kwa wakala kabla ya kuondoka, akaitoa kule anakofika, ili asibebe pesa njiani. Wafanyabiashara walilipana wenyewe kwa wenyewe. Wengine waliifanya sanduku la usiku, kwa sababu benki ilifunga mapema kuliko duka la wakala. Kuna waliowanunulia ndugu wa kijijini vocha. Na kuna waliomlipia mwenzao mkopo, naye akawarudishia kwa kazi.

Kwa upande wa Faulu, shida: hesabu zake na za M-Pesa hazikuongea, watu walikaa kuingiza namba kwa mkono. Tena mkutano wa kikundi, ambao ndio ulikuwa dhamana ya mkopo, ulipoteza maana kama kila mtu analipa akiwa kwake.

Wakafanya nini? Machi 2007 bidhaa ilipotoka kwa watu wote, mkopo haukuwemo tena. Ilibaki neno moja rahisi: tuma pesa nyumbani. Fikiria mukubwa wa kampuni anayekubali hilo baada ya kuomba pesa ya serikali kwa sababu ya mikopo!

Menyu peke yake haikutosha, lakini. Afrika Kusini ilianza 2010 na kufungwa 2016. Kule wengi walikuwa tayari na akaunti ya benki. Kwetu Kongo, Vodacom iliileta Novemba 2012 ikiwa na akaunti mbili, moja ya dola na moja ya franga. Kwa nini? Kodi ya nyumba inahesabiwa kwa dola, sombe inanunuliwa kwa franga. Aliyekubali akaunti mbili alikuwa ameangalia soko letu.

Ninyi munaojenga programu ya likelemba, nawauliza: mumekaa siku ngapi na wale bamama wanaoiendesha sokoni? Na mukikuta wameigeuza kuwa kitu kingine, nani kwenu ana ruhusa ya kufuta kile mulichomuahidi mfadhili?