Mtani Aliyezuiwa Mlangoni

Mimi ni mtu wa besi. Nilipokuwa sekondari, shule yetu ya mchanganyiko ilikuwa na vikundi viwili vya kuimba bila ala, kimoja cha wavulana na kingine cha wasichana. Kinanda kilikuwepo ofisini kwa mwalimu, ila kilikuwa kibovu, hivyo kila kitu tulikifanya kwa koo zetu. Sauti ya kwanza inabeba wimbo, ya pili na ya tatu zinajaza katikati, na sisi wa besi tunashikilia chini kama watu wanaohamisha kabati. Wasichana walipotukuta mazoezini walipita wameziba masikio. Walipoanza wao, sisi tulilia kama mbuzi. Jamani, ilikuwa raha.

Miaka michache baada ya kumaliza fomu foo niliandika igizo la kuchekesha kuhusu vikundi vile viwili. Tuliliigiza mtaani kwetu, ukumbi wa kukodi, viti vya kuazima. Watu walicheka mpaka basi. Mwisho wa onyesho dada mmoja, ambaye shuleni alikuwa akiongoza kikundi cha wasichana, alinifuata nje akaniambia, "Kaka, umetuchekesha kweli. Ila umesahau kuandika kwamba sisi hatukwenda."

Nilijua anasema nini, na nitarudi kwenye maneno yake. Lakini usiku ule sikulala vizuri, na siku zilizofuata nikaanza kusoma. Nilitaka kujua wenzetu wanaoandika vichekesho vya namna hii wamepitia wapi.

Kumbe Marekani wana vichekesho vyake hasa. Lipo igizo liitwalo Perfect Harmony, la Andrew Grosso na kikundi cha The Essentials, lililooneshwa kwenye tamasha la Fringe la New York mwaka 2006, kisha likapanda tena jukwaani mjini humo mwaka 2010. Linahusu vikundi viwili vya sekondari, cha wavulana na cha wasichana, vinavyogombea ubingwa wa taifa wa kuimba bila ala. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu, maana nilidhani wazo lile nimelizaa mimi. Mwaka 2012 ikaja filamu ya Pitch Perfect, yenye ugomvi wa aina hiyo hiyo, ila pale ni chuo kikuu.

Mchezo huu wa kuimba kwa koo tupu una mzaha tangu zamani. Mwaka 1909, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa Chuo Kikuu cha Yale walianzisha kikundi cha kuimba mezani kwenye baa moja iitwayo Mory's. Walijiita Whiffenpoofs. Neno hilo si la Kiingereza cha darasani. Ni jina la kiumbe wa kubuni aliyetajwa katika mzaha wa Little Nemo, igizo la nyimbo na vichekesho lililooneshwa New York mwaka 1908. Yaani kikundi chenye heshima kuliko vyote vya aina yake kilijipa jina kutoka jukwaa la vichekesho. Vyuo vingine vikaiga, vikundi vikazaliwa, na mwaka 1996 yakaanzishwa mashindano ya vyuo vikuu. Baadaye na shule za sekondari zikapata yao.

Upande wa pili kuna kuimba kwa kinyozi. Ni waimbaji wanne, sauti nne, hakuna gitaa wala ngoma. Wakilinganisha sauti sawasawa, msikilizaji husikia juu yao mlio mwingine ambao hakuna hata mmoja wao anayeuimba. Kwa miaka mingi picha iliyotangazwa ilikuwa ya wazungu wanne wenye kofia za ukindu na masharubu. Mwaka 1992 mtafiti Lynn Abbott alichapisha ushahidi mwingi kwamba mtindo huo ulikua miongoni mwa watu weusi. Kwa kinyozi ndipo wanaume walipokutana, na wakati mmoja ananyolewa wengine wanasubiri zamu wakitafuta sauti. Hata Louis Armstrong, kabla dunia haijamjua kwa tarumbeta, aliimba na watoto wenzake mitaani New Orleans.

Mwezi Aprili 1938, wanaume 26 walikusanyika juu ya paa la klabu moja mjini Tulsa, wakaimba, na pale kikaanza chama cha kuhifadhi uimbaji huo. Nacho kilianza kwa utani. Walikipa jina refu la kukejeli vifupisho vya mashirika ya serikali ya wakati ule. Chama kikakua haraka, kikawa na mashindano ya taifa.

Sasa sikiliza. Mwaka 1941 mashindano ya New York yalishindwa na wachukuzi wa mizigo wa stesheni ya Grand Central. Watu waliwaita Kofia Nyekundu kwa sababu ya kofia zao za kazi. Walikuwa weusi. Walikuwa wameshinda kwa haki, mbele ya watu, na hatua iliyobaki ilikuwa kwenda St. Louis kwenye fainali za taifa. Viongozi wa chama wakawakatalia. Eti chama ni cha wazungu. Basi, mabingwa wa New York wakabaki na mizigo yao stesheni.

Watu wawili wakubwa walijiuzulu kwenye chama kwa kitendo kile. Mmoja ni Al Smith, aliyewahi kuwa gavana wa New York na kugombea urais mwaka 1928. Mwingine ni Robert Moses, mkuu wa bustani za jiji. Kujiuzulu kwao hakukuwafikisha wachukuzi St. Louis. Chama kiliondoa ubaguzi huo mwaka 1963, miaka 22 baadaye. Wanawake nao walingoja mpaka 2018 kupokelewa kama wanachama kamili, na mwaka huo huo ndipo Whiffenpoofs walipomchagua mwanamke wa kwanza, baada ya miaka 109.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Kwetu mpinzani wa kuchekana naye tunamwita mtani. Simba na Yanga ni watani wa jadi, na kila mmoja angekosa usingizi kama mwenzake angefutwa kwenye ligi, maana angemzomea nani? Na katika utani wa makabila, mtani hufika hata msibani kwako, akafanya vituko mbele ya wafiwa, na hakuna wa kumfukuza. Atukanwe, achekwe, alie kama mbuzi, lakini awepo. Ukishamfungia mlango halafu ukaendelea kumcheka, huo si utani tena.

Haya, turudi shuleni kwetu. Tulipokuwa fomu sri yalitangazwa mashindano ya kwaya ya wilaya. Wasichana walikuwa wametushinda kwenye mchujo wa shule, na si kidogo. Juma moja baadaye majina yakabandikwa ubaoni: wanakwenda wavulana. Nauli haitoshi kwa vikundi viwili, tukaambiwa, na hakuna mlezi wa kike wa kuwasindikiza wasichana. Asubuhi ya safari walisimama karibu na geti, wamevaa sare zao zilizopigwa pasi, labda walidhani kuna mtu atabadili mawazo. Sisi tulikuwa ndani ya basi, watu 16. Hakuna aliyefungua mdomo. Tulikwenda, tukachemsha, tukawa wa nne kati ya vikundi vitano. Tuliporudi tukawalilia tena kama mbuzi, na hawakuziba masikio. Walituangalia tu.

Katika igizo langu nilikuwa nimeandika kwamba wasichana walishindwa kwa sababu kiongozi wao alipatwa na mafua. Pale ndipo watu walipocheka kuliko mahali pengine pote. Na mwenye yale mafua ya uongo alikuwa amekaa safu ya tatu.

Sasa ninaliandika upya. Mafua nimeyafuta. Nimeweka basi jukwaani, na geti, na sare zilizopigwa pasi. Bado nataka watu wacheke, kwa sababu tulivyokuwa tukizomeana ni kweli ilichekesha. Nilipokwama ni kwa yule kijana wa besi aliyekaa dirishani. Al Smith alikuwa na barua ya kuandika. Kijana wangu ana miaka 17, anaogopa mwalimu, na anaitaka ile safari. Kila nikimpa la kusema linakuwa uongo, na nikimwacha kimya naona watazamaji watamsamehe upesi mno. Waandishi wenzangu, mwenye wazo anipatie kupitia kwa mhariri. Yule dada nimekwisha muuliza. Amesema niendelee kuandika, na kwamba safari hii atakaa safu ya kwanza.