Mabamba Manne ya Stooni

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike jambo moja la historia ya karakana yetu, hasa kwa ajili ya vijana walioko shuleni hivi sasa. Nimechagua mabamba manne ya chuma yaliyomo katika sanduku la mbao stooni, pamoja na kipimo cha zamani cha magurudumu. Nasikia kwamba katika mkutano wetu wa mwaka huu itajadiliwa kama vyuma vyote vya stoo ile viuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kabla ya kunyosha mikono, yafaa kila mmoja wetu ajue kinachouzwa.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1818 Rudolph Ackermann alisajili huko Uingereza hataza ya usukani uliobuniwa na Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi wa Munich. Kwa usukani huo, gurudumu lililo upande wa ndani wa kona hugeuka zaidi kuliko la nje. Magari ya injini yalirithi wazo hilo, na pembe nyingine zikaongezwa. Kuinama kwa gurudumu ndani au nje mafundi hukuita kemba. Kulala nyuma kwa mhimili ambao gurudumu hugeukia hukuita kasta, nayo ndiyo husaidia usukani kurudi wenyewe baada ya kona. Pembe hizi zikiharibika, tairi huliwa upande mmoja na gari huvuta kando.

Kipimo chetu kilitengenezwa kwa magari ya zamani yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Peugeot 404, zilizoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Fundi alifungua kifuniko cha grisi, akakibandika kipimo kwa sumaku kwenye uso wa habu, ncha yake ikaingia katika kitundu cha katikati, kisha akasoma povu la pimamaji.

Halafu nyakati zikabadilika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikafuata mwaka 1978 na 1979, na fedha za kigeni zikawa adimu. Mwaka 1984 Serikali ya Tanzania iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Magari yaliyotumika yakaanza kuingia, na kati yake zilikuwamo Toyota Corolla za muundo wa mwaka 1983, zinazovutwa na magurudumu ya mbele. Katikati ya habu zake pamekaliwa na nati kubwa ya ekseli. Tena magari mengine yalikuja na rimu za alumini, ambazo hazishiki sumaku. Kipimo kikabaki kizima lakini hakina pa kukaa, na kuagiza kipya hakukuwezekana.

Mwalimu wetu wa karakana alitukabidhi kazi hiyo vijana sita, nami nikiwa mmoja wao. Tulikata bamba la chuma laini, tukatoboa matundu manne katika duara la milimita 100, kama bolti za Corolla zilivyopangwa. Tulikereza nati nne ndefu, zote za urefu mmoja, zifungwe mahali pa nati za gurudumu, na bamba likae juu yake. Uso wa bamba na kitundu cha katikati tulivikereza kwa mkupuo mmoja, bila kulifungua bamba kutoka kwenye mashine, ili uso usimame sawasawa na mhimili. Kisha tulipima unene kwa maikromita pande zote za ukingo.

Kwa nini taabu yote hiyo? Pigeni hesabu, vijana. Katika duara la milimita 100, upande mmoja ukizidi mwingine kwa milimita 1 tu, pembe huongopa kwa zaidi ya nusu digrii. Kwa gari dogo, hilo latosha kumfanya fundi aharibu pembe iliyokuwa nzima.

Hata hivyo hakuna bamba lisilo na kasoro kabisa, na rimu nayo huweza kupinda. Basi Mwalimu alitufundisha kusoma mara mbili. Soma kwanza, sukuma gari mpaka gurudumu ligeuke nusu mzunguko, bamba likiwa limefungwa pale pale, soma tena, sakafu ikiwa sawa. Kasoro iliyoongeza mara ya kwanza hupunguza mara ya pili. Jumlisha, gawa kwa mbili, nawe umepata kemba ya kweli.

Mashine za kompyuta za siku hizi ni za haraka na hupima mengi zaidi. Lakini nazo hushika rimu kwa vibano, na katika nyingi fundi husukuma gari kidogo kabla ya kupima, ili kufuta kasoro ile ile. Kijana aliyeshika bamba letu ataelewa sababu. Aliyezoea kubonyeza vitufe tu atatii bila kujua.

Kwa hiyo napendekeza mkutano uamue hivi: vyuma vingine viuzwe, lakini sanduku lile lihamishiwe karakanani, mabamba yapakwe mafuta, na kila moja ligongwe alama ya gari lake. Kwa uzito, mabamba yale yatauzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Somo lililomo ndani yake mnunuzi hatalipima kwenye mizani yake.